Mkanda, Mkalimani na Maiti Atembeaye: Biashara ya Video kutoka Kampala hadi Thongpiny

Thongpiny, mtaa wa Juba unaopakana na uwanja wa ndege, ambao ramani nyingine huuandika Tongping au Tomping, unajulikana kwa hoteli, ofisi za mashirika na kambi ya Umoja wa Mataifa kuliko kwa sinema. Hata hivyo, anayetaka kueleza jinsi filamu za kutisha na kuchekesha kwa pamoja, hasa zile za maiti wanaotembea, zilivyoenea Afrika Mashariki kwa njia ya mkanda wa video, ana sababu nzuri ya kuanzia hapo. Juba ni mji ambapo njia mbili za biashara hiyo zilikutana: ile ya Khartoum, iliyoleta filamu za Misri na za Kihindi, na ile ya Kampala na Nairobi, iliyoleta filamu za Marekani, Hong Kong na Nigeria, nyingi zikiwa zimekwisha kutiwa sauti ya mkalimani kabla hazijavuka mpaka.

Kaseti ya VHS, iliyotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax ya Sony, ilibuniwa kwa ajili ya familia yenye televisheni sebuleni, itakayokodi au kununua filamu na kuitazama faraghani kwa wakati iupendao. Afrika Mashariki iliipokea kaseti hiyo lakini haikuupokea mpango huo, kwa sababu wenye televisheni na deki, yaani mashine ya kuchezeshea mikanda, walikuwa wachache, na wenye hamu ya kutazama walikuwa wengi. Mwenye deki alijikuta mwenye jumba la sinema, na video, ambayo kwa watengenezaji wake ilikuwa chombo cha nyumbani, ikageuka kuwa maonyesho ya hadhara yenye kiingilio, mabenchi na ubao wa chaki mlangoni. Kutoka katika mageuzi hayo lilitokea jambo ambalo wanahistoria wa sinema wa Ulaya na Marekani wamechelewa kulitambua, nalo ni kwamba kichekesho katika filamu ya kutisha hakikuhitaji kuandikwa na mtunzi wa filamu. Kilitiwa na mtu aliyeketi kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi.

Zombi, kwa maana ya maiti anayetembea bila nafsi wala hiari, aliingia katika sinema kutoka Haiti, koloni la zamani la Ufaransa ambako watumwa kutoka Afrika ya Magharibi na eneo la Kongo walifanyishwa kazi katika mashamba ya miwa, na ambako hofu iliyobebwa na imani hiyo ilikuwa hofu ya utumwa usiokoma hata kwa kifo. Jeshi la Marekani liliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, na ndani ya kipindi hicho William Seabrook alichapisha kitabu chake The Magic Island (1929), kisha ikafuata filamu ya White Zombie mwaka 1932, ambamo maiti wanasukuma kinu cha miwa kwa faida ya bwana wao. Maiti huyo wa kwanza wa sinema, kwa hiyo, alikuwa kibarua. Aliyemwachisha kazi ni George Romero, ambaye mwaka 1968, karibu na mji wa Pittsburgh na kwa gharama iliyozidi kidogo dola 100,000, alitengeneza Night of the Living Dead, filamu isiyolitumia neno zombi hata mara moja, ambamo maiti hawana bwana wala kazi isipokuwa kula walio hai, na ambamo shujaa ni mtu mweusi, Duane Jones, katika enzi ambapo jambo hilo lilikuwa adimu mno.

Hatima ya kisheria ya filamu ya Romero ina uzito katika historia hii kuliko hata hadithi yake. Wasambazaji walipobadilisha jina la filamu kabla ya kuitoa, waliondoa pamoja na jina la zamani tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu iliyotoka bila tangazo hilo ilipoteza ulinzi siku ileile ya kuonyeshwa. Kaseti zilipoingia sokoni, yeyote mwenye mashine mbili za video aliweza kuinakili na kuiuza bila kumlipa mtu, na ndiyo maana ikawa miongoni mwa filamu zilizotapakaa zaidi katika rafu za video duniani. Kile ambacho Marekani kilitokea kwa bahati mbaya ya karatasi moja, katika vibanda vya Afrika Mashariki kilikuwa hali ya kawaida ya kila filamu, kwa kuwa hapo kila mkanda ulifika kama nakala ya nakala na mwenye mali hakuwa na habari.

Kicheko kiliingia rasmi katika aina hii ya filamu mwaka 1985, Dan O'Bannon alipotoa The Return of the Living Dead, ambamo maiti wanakimbia, wanazungumza, wanadai ubongo wa binadamu, na hata wanatumia redio ya gari la wagonjwa kuomba watumiwe wahudumu zaidi baada ya kuwamaliza wa kwanza. Mwaka 1992 Peter Jackson wa New Zealand alikwenda mbali zaidi katika Braindead, ambamo shujaa anajiokoa kwa mashine ya kukatia nyasi. Filamu za namna hii huitwa, katika maandishi ya wahakiki, filamu zenye waumini: hazipendwi na umma mpana, lakini zina kundi lenye mapenzi makali linalozitazama tena na tena, linalokariri maneno yake na kutambuana kwazo. Ibada hiyo ilitegemea kaseti, kwani jumba la sinema huondoa filamu baada ya wiki chache ilhali mkanda hubaki nyumbani na kurudishwa nyuma kila mtu apendapo. Ilitegemea pia katazo, kama ilivyokuwa Uingereza, ambako kelele za magazeti dhidi ya mikanda ya kutisha, The Evil Dead ya Sam Raimi ikiwamo, zilizaa sheria ya mwaka 1984 ya kupitisha kila mkanda mbele ya wakaguzi. Kwa watazamaji wengi wa dunia, hata hivyo, maiti wa kuchekesha waliofahamika mapema zaidi ni wale waliocheza densi nyuma ya Michael Jackson katika Thriller, filamu fupi ya takriban dakika 14 iliyoongozwa na John Landis na kutoka Desemba 1983, ambayo iliuzwa kwa kaseti pamoja na simulizi ya jinsi ilivyotengenezwa, na kaseti hiyo ikawa miongoni mwa zilizonunuliwa zaidi katika muongo wake.

Watazamaji wa Afrika Mashariki walipokutana na maiti hao hawakuwa wageni wa wazo lenyewe. Katika pwani na bara la Tanzania ndondocha, ambaye sehemu nyingi huitwa msukule, ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua, akamzubaisha na kumkata ulimi ili asiseme, kisha anamtumia kulima shamba lake usiku. Waganda wana simulizi za abasezi, wacheza usiku wanaodaiwa kufukua na kula maiti. Tofauti kati ya msukule na zombi wa Romero ni kubwa kuliko inavyoonekana: msukule haumi mtu, haambukizi, hatishi kwa wingi wake, anayetisha ni mwenye kummiliki, jirani ambaye shamba lake linastawi bila vibarua kuonekana. Kwa sababu hiyo msukule yuko karibu zaidi na maiti wa Haiti na wa White Zombie kuliko na wa Pittsburgh, na wanaanthropolojia Jean na John Comaroff, walipochunguza uvumi wa aina hiyo huko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, waliuhusisha moja kwa moja na ukosefu wa ajira na utajiri usioelezeka. Filamu za video za Kitanzania zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama vile Nsyuka na Shumileta za mwongozaji Mussa Banzi, zilichota katika kisima hicho cha imani za wafu, mizimu na majini, zikachanganya na mbinu zilizojifunzwa kutoka Nigeria, ambako Living in Bondage ya mwaka 1992 ilikuwa imeonyesha kwamba hadithi ya kafara na mzuka wa marehemu ingeweza kurekodiwa moja kwa moja kwenye VHS, kuuzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote, na kurudisha gharama bila kupitia jumba la sinema.

Mtu aliyeunganisha maiti wa kigeni na hadhira hii alikuwa mkalimani, na asili ya kazi yake ni ya zamani kuliko video. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 za mafunzo ya kilimo, afya na akiba, ukazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani zikiwa na maelezo kwa lugha za wenyeji. Na kuanzia 1939 Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha serikali ya Uingereza kiliendeleza desturi ya gari la sinema linalosimama uwanjani, na msemaji anayesimama kando ya pazia akiwaeleza watu wanachokiona. Serikali ilimtaka msemaji huyo azuie tafsiri zisizotakiwa. Ambacho haikukiona ni kwamba mtu anayewekwa kati ya picha na watu hupata mamlaka yake mwenyewe, na kwamba siku ambapo filamu itaacha kuwa ya serikali, msemaji ataisema apendavyo.

Siku hiyo ilifika na kaseti. Nchini Uganda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, utulivu uliporejea Kampala na vibanda vya video kuenea, wakalimani wa filamu walianza kujulikana kwa jina la VJ, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mchekeshaji wa video, na baadhi yao, VJ Jingo akiwa miongoni mwa mashuhuri, walikuja kuvuta watu kuliko waigizaji wa filamu wanazozitafsiri. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, aliyefanya kazi hiyo kwa Kiswahili, na Kenya akaja DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kilichochanganyika na lugha ya mitaani ya Nairobi kiliwafikia hata wasiowahi kuingia katika kibanda. Mwanzoni mkalimani aliketi ndani ya kibanda, akipunguza sauti ya televisheni kila mhusika anapozungumza na kuipandisha bunduki zinapolia. Baadaye sauti yake ilirekodiwa juu ya mkanda, kisha juu ya diski, na kwa hatua hiyo filamu iliyotafsiriwa ikawa bidhaa inayoweza kupakiwa katika basi na kuuzwa mahali ambapo mkalimani mwenyewe hajawahi kufika.

Namna mkalimani alivyoitendea filamu ya kutisha inastahili kuelezwa kwa urefu. Filamu ya aina hiyo hutegemea ukimya na kusubiri: mlango unafunguka polepole, muziki unakatika, mtazamaji anashikilia pumzi. Mkalimani hawezi kunyamaza, kwa kuwa kunyamaza ni kuikosa kazi yake, na kwa hiyo palepale ambapo mwongozaji wa filamu ameweka kimya, yeye huweka neno. Humwonya mhusika asiingie chumbani, humkemea kwa ujinga wake, humpa jina la mtaani, humlinganisha na polisi au mwenye nyumba anayefahamika na wote, hueleza mapema nani atakufa, na humhakikishia mtazamaji kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, atapona. Maiti anayetokea gizani akiwa amekwisha kutangazwa, kutaniwa na kupewa jina hawezi kutisha kama alivyokusudiwa, na kibanda kizima hucheka pale ambapo ukumbi wa Chicago ungepiga yowe. Mabadiliko haya yalifanya kila filamu ya maiti iwe ya kuchekesha, hata zile zilizotengenezwa kwa uzito mkubwa, na mara nyingine yaliziharibu zile zilizokuwa na vichekesho vyake zenyewe, kwa sababu mzaha uliotegemea mchezo wa maneno ya Kiingereza ulipotea na mahali pake pakaja mzaha mwingine kabisa. Wanaolalamika kwamba tafsiri hizi hazikuwa aminifu wana haki kwa kiasi hicho, ingawa uaminifu haukuwa jambo lililolipiwa kiingilio.

Juba ilichelewa kuingia katika mkondo huu. Mji huo, ulioanzishwa katika miaka ya 1920 na kukuzwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wa Kigiriki pamoja na utawala wa Waingereza, una hadi leo mtaa unaoitwa Hai Cinema, jina linaloshuhudia kwamba jumba la sinema liliwahi kuwa alama ya mahali. Baada ya mkataba wa Addis Ababa wa 1972 palikuwa na muongo mmoja wa amani, lakini vita vilivyoanza tena 1983 viliigeuza Juba kuwa mji wa ngome, ukishikiliwa na jeshi la serikali huku sehemu kubwa ya vijiji vinavyouzunguka ikiwa mikononi mwa waasi wa SPLA, na bidhaa zikitegemea ndege na majahazi ya mto Nile. Mapinduzi ya Juni 1989 huko Khartoum yaliongeza ukaguzi wa kidini juu ya burudani na kuidhoofisha sinema ya Sudan nzima. Filamu zilizofika Juba katika miaka hiyo zilifuata njia ya kaskazini, yaani za Kiarabu kutoka Misri na za Kihindi, ambazo Wasudan walizipenda kwa nyimbo na machozi yake, wakati ambapo maelfu ya watu wa kusini waliokimbilia Uganda na katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, iliyofunguliwa 1992, walikuwa wakijifunza Kiswahili na kuzoea vibanda vya upande wa pili. Kizazi kimoja cha Sudan Kusini kilikua hivyo kikiwa na hazina mbili tofauti za filamu.

Mkataba wa amani wa Januari 2005, uliotiwa sahihi Nairobi, ulizikutanisha hazina hizo. Waliorudi kutoka kambini walirudi na lugha na ladha za Kampala na Kakuma, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara wa Uganda na Kenya waliojaza masoko ya Juba, kuanzia Konyo Konyo hadi Custom, kwa mboga, bia, simu, na pia diski za filamu zilizonakiliwa. Diski ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya kaseti kwa wakati huo: ilikuwa nyepesi, haikuliwa na vumbi la barabarani kama mkanda, na filamu kadhaa ziliweza kubanwa katika diski moja. Barabara ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba, iliyojengwa kwa fedha za Marekani na kukamilika Septemba 2012, iliufanya usafiri huo kuwa wa saa chache badala ya safari isiyotabirika, na kwa mtazamo wa historia ya sinema inaweza kusemwa kwamba lami hiyo ilifanya zaidi kwa filamu za kutisha mjini Juba kuliko msambazaji yeyote. Umeme ulikuwa shida nyingine. Kwa miaka mingi mji ulitegemea jenereta za watu binafsi, hadi mtambo wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra ulipozinduliwa Novemba 2019, na hesabu ya mwenye kibanda ilianza na bei ya dizeli kabla ya bei ya filamu. Alilazimika kujaza benchi zake kila usiku, na filamu iliyojaza benchi ni ile yenye mapigano, vifo na mkalimani hodari.

Katika hesabu hiyo Thongpiny ilisimama pembeni kidogo. Mtaa ulikuwa wa hoteli, ofisi na nyumba za wenye nafasi, penye jenereta za kudumu na madishi ya setilaiti, na kwa hiyo ulikuwa mahali ambapo video ingeweza kurudi kuwa ya nyumbani kama JVC ilivyokusudia: mtu kutazama peke yake, kwa Kiingereza, bila mkalimani. Tofauti kati ya kutazama Thongpiny na kutazama katika vibanda vya pembezoni mwa mji, kwa hiyo, haikuwa lazima iwe tofauti ya filamu, kwani diski ileile iliweza kufika pande zote mbili. Ilikuwa tofauti ya sauti. Katika vibanda hivyo Kiganda na Kiswahili vilikuwa lugha za diski, na Kiarabu cha Juba kilikuwa lugha ya majibizano ya watazamaji. Lugha hiyo, iliyozaliwa katika kambi za jeshi za karne ya 19 na iliyo ndugu wa Kinubi cha Bombo na Kibera, ilikuwa tayari na ujuzi wa muda mrefu wa kupokea maneno ya wapitaji na kuyafanya yake. Kiarabu hichohicho kilikuwa lugha ya Jamila, filamu ya mwaka 2011 iliyotolewa na kikundi cha Woyee, ambacho mizizi yake iko Kakuma. Ni filamu ya mapenzi isiyo na maiti hata mmoja, lakini yenye umuhimu hapa kwa kuwa ilithibitisha kwamba waliojifunza kutazama katika kambi ya wakimbizi walikuwa wamejifunza pia kutengeneza.

Mwaka 2013 Thongpiny iliingia katika habari za dunia kwa sababu nyingine. Mapigano yaliyoanza Juba tarehe 15 Desemba yaliwasukuma maelfu ya raia kuingia katika kambi ya Umoja wa Mataifa iliyo kando ya uwanja wa ndege, ambako waliishi kwa kubanana mno, na mvua za 2014 zilipogeuza eneo hilo kuwa tope wakahamishiwa hatua kwa hatua katika kambi nyingine ya mji huohuo. Wahakiki wa Ulaya na Marekani wamezoea kumsoma zombi kama mfano wa mkimbizi, wa umati, wa mtu asiye na nchi, na usomaji huo umezaa maandiko mengi. Lakini ukiletwa Thongpiny unakosa adabu, na zaidi ya hapo unakosa ukweli, kwa sababu watu waliojihifadhi nyuma ya uzio ule hawakuwa umati usio na jina, na waliokuwa wakiwatisha hawakuwa maiti. Pale ambapo vibanda vya video vilizuka katika makazi ya wakimbizi kusini mwa mpaka, ambako kufikia Agosti 2017 Uganda ilikuwa imehesabu wakimbizi milioni moja kutoka Sudan Kusini, vilizuka kwa sababu zilezile zilizovizaa Kampala: usiku ni mrefu, deki ni moja, na mwenye kipaza sauti yupo.

Filamu iliyoupatia ulimwengu ushahidi wa sanaa hii haikuwa ya maiti bali ya mapigano, na ilitengenezwa Wakaliga, mtaa wa mabanda jijini Kampala, na Isaac Nabwana, aliyeanzisha kampuni yake ya Ramon Film Productions mwaka 2005 na ambaye utotoni, kwa maelezo yake mwenyewe, alizijua filamu kwa kusimuliwa na kaka zake waliokuwa wakienda kuzitazama. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa fedha ambazo Nabwana mwenyewe amezitaja kuwa chini ya dola 200, ikauzwa kwa diski mlango kwa mlango na waigizaji wenyewe, upesi kabla wanakili hawajaijaza Kampala. Nakala yake isiyo na sauti ya mkalimani haikuhifadhiwa. Toleo linalotazamwa duniani ni lile ambamo VJ Emmie anacheka, anajisifu, anatabiri vifo na kuisifia Uganda bila kupumzika, na hilo ndilo lililopata waumini, kwa maana ileile ya The Return of the Living Dead, kiasi cha hifadhi ya filamu ya Marekani iitwayo American Genre Film Archive kulitoa kwa diski ya ubora wa juu ili watu walitazame majumbani. Kwa mara ya kwanza mkalimani wa kibanda alivuka bahari akiwa sehemu ya filamu, hakuna aliyeweza kumtoa, na watazamaji wa Toronto na London wakacheka pale alipowaelekeza wacheke.

Biashara iliyozaa haya yote imefifia. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya 1999 na ya Uganda ya 2006, ziliwatia wasiwasi wauza diski bila kuwamaliza. Simu na kadi ya kumbukumbu ndizo zilizowamaliza, kwa kuwa filamu iliyotafsiriwa sasa huhamishwa kutoka kifaa hadi kifaa bila diski kuhitajika. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016, mwezi uleule ambapo Juba iliingia vitani tena. Mikanda iliyobaki inaharibika kwa joto na unyevu, na pamoja nayo zinapotea sauti za wakalimani ambao hawakurekodiwa mahali pengine popote, huku filamu zenyewe, za Romero na za O'Bannon, zikiwa salama katika hifadhi za Marekani.

Nyaraka za taifa za Sudan Kusini zilikaa kwa miaka ndani ya hema mjini Juba kabla ya kuokolewa, kupangwa na kuanza kunakiliwa kidijitali na wizara ya utamaduni pamoja na Rift Valley Institute. Kazi hiyo ilishughulikia karatasi, kama ilivyostahili kuanza. Walioifanya, na wenzao wa Makerere na Dar es Salaam, wanapaswa sasa kukusanya pia kaseti na diski zilizotiwa sauti za wakalimani, kuandika jina la mkalimani, mwaka na kibanda palipo na anayekumbuka, na kuzihifadhi kama kazi za sanaa zenye watunzi, wakati ambapo baadhi ya watunzi hao bado wako hai na wanaweza kuulizwa.